Chumvi Iliyochezewa Ngoma

Kindu, 19 Januari 2003

Kwa mwanangu Gérard,

Nakusalimu sana, wewe na Mjomba wako Alain na wote wa nyumbani kwake. Homa iliyokupanda siku ya safari imeshuka? Niambie ukweli, usiniambie "niko muzuri" halafu nisikie mengine kwa watu. Sisi huku tunaamka. Goti langu linachelewa kuamka, lakini nalo linafika. Tangu Noeli hatujasikia risasi upande wetu, namshukuru Mungu.

Padri atakayekuletea barua hii anarudi Kisangani kesho na ndege ndogo, ndiyo maana naandika mbiombio. Hii ni barua ya tatu na hujajibu hata moja. Ulipanda ndege bila kuniaga. Sababu naijua, na nisipoitaja itakaa kati yetu kama mgeni asiyeaga. Ni ile siku ya uwanja wa mpira.

Mwanangu, wewe bado mdogo, lakini hali uliiona. Mji ulikuwa umefungwa pande zote. Ukienda shambani, wenye bunduki wa msituni wanakwambia wewe mpelelezi wa mjini. Ukirudi, wa mjini wanakwambia umewapelekea wa msituni habari. Emerance wa jirani alirudi na kikapu kitupu na mgongo uliochapwa. Tulikula majani bila chumvi mpaka nyuso zikavimba. Walipokuja watu wa msaada na mchele na chumvi, yule bwana wa kamati akatuambia: "Bamama, wageni wanapenda kuona furaha. Mwenye kucheza muzuri njo atapewa wa kwanza." Nikaangalia ule mstari mrefu, nikaangalia yale magunia machache, nikacheza.

Kikwembe changu cha kiunoni kilifunguka, watu wakacheka, na nilikuona ukutani na wenzako wa darasani. Ulikataa kunisaidia kubeba, ukapita njia nyingine. Kikwembe kuanguka, hapo niliona haya, sikatai. Lakini kucheza kwenyewe hakukunitia haya. Jioni ile ulikula sahani mbili, nami nilikuangalia nikashiba kwa macho.

Niandikie, hata mistari miwili.

Mama yako mzazi,
Philomène


Kisangani, 9 Machi 2003

Mama,

Habari ya huko? Mimi mzima, homa imeisha. Mjomba Alain anakusalimia. Shule imeanza vizuri, hesabu nimekuwa wa pili.

Mama, nakuomba usiandike tena habari ya uwanja. Mjomba anasoma barua zako kwa sauti mezani, na wageni walikuwapo. Mtoto wa jirani sasa ananiita "Aksanti-wazungu" na kutikisa kiuno nikipita. Nilikuwa nimewaambia kwamba wewe ni mwalimu.

Sijakasirika. Mimi naona haya tu, na haiishi. Usiku naota ile ngoma. Nikiwa mtu mkubwa, hakuna mama atakayepewa chakula kwa kucheza. Kila mtu atapewa shamba, alime, ale cha kwake, asimshukuru mtu. Nimeapa.

Asante kwa kunitunza.

Mwanao,
Gérard


Kindu, 4 Mei 2025

Kwa mwanangu Gérard,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mke wako hajambo? Wajukuu wangu wanaendelea vipi, na yule mdogo ameacha kula udongo? Mimi mzima kwa umri wangu. Presha inapanda na kushuka ikipenda, kama umeme wa hapa. Tangu uingie bungeni, sokoni wananiita Mama Onorable, hata muuza makaa ananipunguzia bei, halafu ananichagulia makaa mabichi.

Nimerudia kuandika barua kwa sababu simu yako siku hizi inashikwa na katibu, na ukiishika mwenyewe unaniambia, "Mama, niko katika mkutano." Karatasi haitakwambia hivyo.

Nina mgeni nyumbani. Anaitwa Rehema, ametoka Kabambare na watoto watatu. Nyumba yao ilichomwa, mume hajulikani aliko. Wametembea siku nyingi, na mguu wake una kidonda ambacho bado kinatoa maji. Wenzake wamejaa kwenye lile hangari la zamani la kuwekea mizigo karibu na reli. Walikuwa wakipewa unga na maharage kila mwezi. Mwezi wa tatu vikasimama. Nilipouliza nani amesimamisha, watu wakanituma kwa huyu na yule. Mwishowe Ngandu, mtu wako wa chama, akanijibu kwa majivuno: "Njo mutoto yako, Mama. Ameandikia wakubwa barua. Anasema jembe, si bakuli."

Jumapili nikakusikia redioni mwenyewe. Ulisema vizuri, sauti ya baba yako kabisa. Ulisema mtu anayelishwa hasimami tena. Kisha ukasema, "Mimi najua kuombaomba kunavyoharibu mtu, nilikuona nyumbani kwetu." Nyumbani kwetu, Gérard! Tulikuwa tumekaa uani, mimi, Rehema na Emerance. Emerance akanyanyuka, akazima redio kwa ajili yangu, akaanza kuongea habari ya bei ya mawese. Hapo ndipo niliona haya. Miaka ile yote sikuiona, umeniletea wewe, kwa redio, na majirani wakisikia.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, tunasema. Lakini wewe ulimjua, ulikuwa yeye. Mwanamke mwenye mguu mbovu atashikaje jembe, na shamba lake liko mahali panapochomwa? Warudishie chakula chao, kisha majembe yako yaje, tutayapokea.

Sikuandika kukugombeza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kwa hiyo na mimi nina sehemu yangu katika hili. Nijibu.

Mama yako,
Philomène


Kinshasa, 20 Mei 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Tumshukuru Mungu, wote wazima. Mdogo ameacha udongo, sasa anakula chaki za dada yake. Nakutumia dawa za presha pamoja na barua hii; meza kila siku, si siku unazojisikia.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Nisamehe kwa lile neno la redioni. Sikutaja jina lako, nilidhani inatosha. Nilisahau kwamba Kindu kila mtu anajua nyumbani kwetu ni wapi.

Lakini nisikilize na wewe. Waandishi wa habari wanapenda kuniuliza mawazo yangu nimeyatoa katika kitabu gani, chama gani. Sijayatoa katika kitabu. Niliyatoa kwenye ukuta wa uwanja wa mpira, nikiwa na miaka kumi na miwili. Wenzangu bungeni wanabadilisha msimamo kama shati. Wangu hautoki, kwa sababu sikuuvaa, niliumizwa nao. Nikisikia neno "msaada" nasikia ile ngoma. Nimeapa hakuna mama wa Maniema atakayecheza tena mbele ya gunia, na kila ninalofanya nalifanya kwa ajili yako. Chakula cha bure kikiendelea, wale wa hangari watazaa watoto wa kupanga mstari. Nimewatafutia ardhi upande wa Kailo, na majembe, na mbegu za mpunga. Wanaoweza wataanza, wasioweza watasaidiwa na ndugu zao.

Nakuja Kindu Jumamosi tarehe 14 Juni. Nitakwenda mwenyewe hangarini kuwaeleza, kisha nitakuja kula kwako. Nipikie sombe, majani yako ya muhogo. Tutaongea kama zamani.

Mwanao anayekupenda,
Gérard


Kindu, 17 Juni 2025

Kwa mwanangu Gérard,

Natumaini ulifika salama na kuwakuta wote wazima. Dawa nimeanza, nazimeza kila siku kama ulivyosema. Miguu inauma, na nitakueleza kwa nini.

Alhamisi kabla hujaja, Ngandu alipita hangarini na kwenye nyumba zenye wageni. Akasema Onorable anakuja, uwanja wa ndege unahitaji bamama wa kucheza. Kila atakayecheza atapewa kikwembe chenye picha yako na kikombe kimoja cha chumvi. Rehema akaandikisha jina lake. Mahali pa kidonda cha mguu pamevimba tena, lakini mkono mtupu haulambwi, na chumvi hakuwa nayo. Ijumaa usiku nikamwona anajaribu hatua za ngoma nyuma ya jikoni, analia kwa maumivu, anarudia. Nikamwambia, "Wewe baki na batoto. Nitaenda mimi kwa jina lako." Alikataa. Nikamwambia yule mwenye picha kwenye kikwembe nimemzaa mimi, kwa hiyo nikijifunga uso wake kiunoni si dhambi. Akacheka, akakubali.

Nikaenda. Tulisimama tangu asubuhi, jua likituwakia, kila mmoja na uso wako matakoni. Ngandu hakunitambua, nilikuwa nimejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Ndege ilipotua wakapiga ngoma, tukaimba ule wimbo wenu wa jembe, tukacheza. Nimefikisha miaka sabini na moja, Gérard. Lakini mwili unakumbuka.

Ulishuka ngazi, simu ikiwa sikioni. Nilikuwa mstari wa mbele. Ulipita karibu, ningenyoosha mkono ningeshika koti lako. Uliinamisha kichwa ukapita. Sikukasirika. Jua lilikuwa kali, kelele zilikuwa nyingi, na mtu akiwa na simu macho yake hayapo. Ungejuaje kwamba mama yako yuko kati ya wale wote tuliovaa sawasawa? Hukuniona, basi.

Tulikungoja hangarini, hukufika. Nilikungoja na sombe mpaka ikapoa. Jumapili Ngandu akaniletea bahasha, akasema umeitwa Kinshasa haraka. Bahasha nimeiweka, sijaifungua.

Chumvi nilimpa Rehema, akatupikia nayo. Nataka kukuuliza jambo moja, na nakuuliza bila hasira: hii chumvi ya uwanja wa ndege na ile ya uwanja wa mpira, tofauti yake ni nini? Mimi nimezila zote mbili, na ulimi wangu haujaiona.

Mama yako,
Philomène


Kinshasa, 2 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Ninaandika bila kujua niulize nini kwanza. Miguu yako inaendeleaje? Na mguu wa Rehema? Kuna daktari atakayepita nyumbani wiki hii, nimemwomba mimi, hatawadai kitu. Mruhusu aingie.

Barua yangu ya kusimamisha chakula nimeiondoa. Nimesaini mbele ya watu, na nimewaambia nilikosea. Baadhi walicheka, wakasema nimelainika. Unga na maharage vitafika hangarini mwanzo wa wiki ijayo. Nimeagiza wagawiwe wakiwa wamekaa, na asiimbe mtu. Majembe yatafuata kwa wenye nguvu. Hapo bado naamini nilivyoamini.

Zile chumvi mbili ni moja. Usimlaumu Ngandu peke yake. Kile kikombe cha chumvi nilikitaja mimi, kwa simu, nikinywa chai. Alisema, "Tuwapatie nini, Onorable?" nikasema chumvi, ni rahisi na wanaipenda. Miaka yote ninashuka ndege na akina mama wananichezea, na kila mara ninaweka simu sikioni. Mara nyingi hakuna mtu upande wa pili. Nimefanya hivyo kwa sababu siwezi kuangalia, na nikadhani kutoangalia ni heshima. Naona haya, Mama. Naona haya kiasi kwamba mke wangu ameniuliza nani amefariki.

Hakuna aliyeniita Kinshasa. Nilitafuta ndege ya kwanza.

Umeandika kwamba jua lilikuwa kali na kelele nyingi, kwamba hukuonekana kati ya wengi, na umenisamehe kwa ajili hiyo. Usinisamehe kwa ajili hiyo. Nilikujua tangu juu ya ngazi, kwa jinsi unavyoliburuta lile goti. Nilikuona, Mama.

Mwanao,
Gérard