Maji Niliyowapa Wageni

Mjukuu wangu Chebet,

Chamgei, nakusalimu. Ng'ombe amezaa, na kaburi la babu yako nimelipalilia.

Umeuliza kama, katika utafiti wenu wa maji, mwanakijiji aachiwe ajaze chupa ya sampuli mwenyewe. Nilipokuwa nimeolewa karibuni, watafiti walituachia chupa tuwajazie maji ya chemchemi, iliyo chini ya mashamba ya chai yanayopuliziwa dawa. Niliona haya kuwapa wageni maji yale yenye rangi ya matope. Nikajaza ya mvua.

"Si ungewapikia chai kabisa!" babu yako akanicheka.

Majibu yakasema maji ya chemchemi ni safi, tukayanywa miaka yote. Kama ndiyo yaliyomuua babu yako, sijui. Naogopa kujua.

Jumanne wenzako wa utafiti walinipa chupa. Niliwaomba tushuke pamoja, nikajaza ya chemchemi mbele yao. Mpaka majibu yaje, nawapa binamu zako wadogo maji ya mvua tu, na mvua imeanza kupungua.

Ni mimi nyanya yako.