Kioo Kilichosuguliwa kwa Majivu

Jumatano, 16 Julai
Nimerudi shule, nimekula, nimetoa darubini uani. Majirani wanapulizia mikorosho salfa. Vumbi la njano limeingia mpaka kwenye kioo cha ndani. Leo hakuna kupima.

Rijili Kantori iko pale juu. Kwa macho nyota moja, kwa darubini mbili, zinazungukana. Mzunguko mmoja karibu miaka themanini. Sitauona ukiisha. Ndiyo maana kila kiangazi napima zimeachana kiasi gani, na sijaruka mwaka tangu nianze kufundisha hapa Ruangwa. Kazi ya watu wawili: mimi nachungulia, kila nyota ikigusa uzi uliokingama ndani ya darubini nasema, mama anabonyeza saa ya simu; sekunde kati ya nyota ya kwanza na ya pili ndiyo kipimo.

Alhamisi, 17 Julai
Mama amekisugua kioo. Kwa majivu na maji, kama sufuria. Utando wote unaong'aa, ule unaorudisha mwanga wa nyota, umetoka. Kimebaki kitupu kama kioo cha dirisha.

"Kilikuwa kichafu, nikasema mwanangu ataonaje." Na anatabasamu.

Nimetoka uani kabla sijamtusi mama yangu mzazi.

Ijumaa, 18 Julai
Nimepita bila shikamoo. Chai aliniwekea. Sikuigusa.

Jumamosi, 19 Julai
Bodaboda mpaka Nachingwea, vumbi tupu. Fundi vioo amekigeuzageuza, akasema hiki kimekwisha, akanionyesha vioo vya kabati. Eti nichague. Nikamwambia ajiangalie yeye. Hakunikosea kitu, maskini. Hata wa bodaboda nimemfokea.

Wa kurudishia utando huku hayupo, na kiangazi hakinisubiri. Nachukia salfa. Nachukia majivu. Na mama nimemchukia, niandike tu ukweli.

Jumapili, 20 Julai
Nimerudisha kioo mahali pake, kwa ubishi tu. Nyota hafifu zote zimepotea. Rijili Kantori haikupotea. Inang'aa mno, hata kioo kitupu kinaipata. Mbili, zimeachana vizuri, na ule mwako wa kuumiza jicho haupo.

Nilipoinua kichwa mama alikuwa ameshakaa kwenye kigoda chake, simu mkononi, kidole tayari. Sikumwita. Hakuniangalia.

Nikarudisha jicho. Nyota ya kwanza ikausogelea uzi. Sikuwa nimemsemesha tangu Alhamisi.

"Sasa," nikasema.

Akabonyeza.