Gerrit Vandermeulen na Samaki Aliowaachia

Baba, mwaka umetimia tangu utuage asubuhi ile ya Februari, theluji ikiwa bado juu ya paa la zizi. Tulidhani tungeandika haya huku tunalia. Lakini subiri usikie alichofanya Mama!

Uliendesha lori la maziwa miaka thelathini na moja, na hakuna mkulima bondeni ambaye hukuwahi kumvutia gari lake kutoka mtaroni. Ulikuwa mtu wa kutoa. Kitu kimoja tu hukukileta nyumbani: stilhedi. Kila Jumamosi ya baridi ulikwenda Mto Vedder kumvizia huyo trauti mkubwa anayerudi kutoka baharini, na kila Jumamosi ulirudi mikono mitupu, umelowa, unacheka. "Nilimpata, nikamwachia. Wa mwitu, ana pezi lake."

Sheria tunaijua. Samaki wa kufugwa hukatwa lile pezi dogo la mgongoni karibu na mkia, na huyo unamla. Wa mwitu unamrudisha majini. Lakini wote wawe wa mwitu, Baba? Hata kanisani, kwenye kahawa baada ya ibada, Mama alikuwa akitangaza: "Gerrit wangu ni mvuvi hodari wa maneno." Watu wakaangua kicheko, nawe ukacheka nao.

Mwezi wa Septemba, kopo lako la mayai ya salmoni, chambo chako, lilikuwa bado kwenye friji karibu na siagi, pale pale mlipokuwa mkiligombania. Mama hakulitupa. Alimpigia simu Delbert, rafiki yako wa mtoni.

"Shemeji, nifundishe."

"Wewe? Si ulisema uvuvi ni ugonjwa wa wanaume?"

"Nataka kujua kama niliishi na mvuvi au na mwongo. Basi."

Salmoni wa vuli walipoanza kupanda mto, naye akaanza. Siku ya kwanza alipoteza ndoana kumi na moja. Boya la mshipi wake lilikuwa linalala ubavu juu ya maji, kwa sababu chubwi, vile vizito vya kuzamisha chambo, zilikuwa zinaburutika kwenye mawe ya chini, naye akadhani linapumzika.

"Shemeji, boya lisimame kama mshumaa!" Delbert akapiga kelele. "Ukiliona limelala, ujue na chambo kimelala. Punguza kina!"

Lilipotikisika kidogo tu alivuta kwa nguvu zake zote. Lilipozama kweli alisema, "Jiwe hilo." Akapata salmoni mmoja, mzee, amebabuka, tena amenasa mkiani. Akamrudisha kwa aibu.

Baridi ikaingia. Desemba ikapita bila kitu, na Januari nayo ikapita. Alikuwa anarudi vidole vimekufa ganzi, na sisi tukaogopa kumuuliza. Kama naye hapati, jibu lake lilikuwa linakaribia, na halikuwa zuri kwako.

Jumamosi iliyopita alifunga lile boya lako jekundu ulilolichonga kwa mwerezi. Delbert alikuwa amekwenda kwenye gari kuleta chai. Mama amesimama peke yake kwenye jiwe lako, lile ulilozoea kuvulia. Boya likashuka mahali maji ya kasi yanapokutana na maji ya pole, limesimama wima, likatoweka. Alikwisha fungua mdomo aseme, "Jiwe." Jiwe likakimbia!

Baba, mshipi ulipiga mluzi! Samaki akaruka mara mbili, akashuka na mto, Mama akamfuata akijikwaa, maji hadi kiunoni, anaita "Gerrit! Gerrit!" kana kwamba ungetokea na wavu. Akamleta ukingoni: wa fedha tupu, mrefu kama mkono mzima. Akamgeuza, akaangalia mgongo wake karibu na mkia.

Pezi lilikuwapo. Anasema aliliangalia mara tatu. Kisha akamchomoa ndoana, akamshikilia majini mpaka akapata nguvu, akamwachia.

Delbert akarudi na chai. "Mbona umelowa? Yuko wapi?"

"Nimemwachia. Wa mwitu."

Delbert akayatazama maji, akamtazama yeye. "Ehee. Wako wengi sana hao."

Nyumbani akatukuta mezani. Ameingia mikono mitupu, anatiririka maji, anacheka. "Nilimpata, nikamwachia!" Na sisi wanao, Mungu atusamehe, tukatazamana tukacheka.

Akapiga meza. "Mnacheka? Hivyo hivyo ndivyo nilivyomcheka baba yenu! Miaka yote hiyo mtu anasema kweli, mimi namcheka mbele za watu!" Akalia sana. Kisha akacheka tena, akatuonyesha kwa mikono ukubwa wa samaki wake, na mara ya pili akawa ameongezeka kidogo.

Tulikucheka hadharani, kwa hiyo Mama ametaka tuseme hadharani, hapa gazetini, ili kila aliyekunywa kahawa ile asome: Gerrit Vandermeulen alikuwa mvuvi.

Unakumbukwa na mkeo Rika, ambaye Jumamosi hii utamkuta kwenye jiwe lako, wanao Marijke na Joost, mkweo Lorena, wajukuu zako Tess na Abel, na Delbert, ambaye bado anadai ushahidi.

Hutatutoka moyoni kamwe, Baba. Samaki wako wote, kwa ukubwa ule ule uliotuonyesha kwa mikono, tumewaamini.