Kijiti Ulichokitafuna kwa Ajili Yangu

Mwanangu Mwiti,

Ujumbe wako wa kipimo cha asubuhi umenifikia kutoka Malaba, ukiwa kwenye foleni ya malori ya mpakani: mia moja thelathini na sita juu ya themanini na nne. Nimeusoma mara mbili, kisha nikamsomea mama yako. Amesema, "Mungu ni mwema," akaendelea kumenya ndizi. Nami nimeketi mezani ili nikuandikie jambo lisiloweza kuenea katika ujumbe wa simu. Naliandika wazi, wazee wenzangu wa Igembe wapate kulisoma, kwa maana kosa nililokutendea nililitenda hadharani. Si haki niliungame faraghani.

Unaikumbuka siku ya posa ya Nkirote, binti wa baba yako mdogo, Baariu. Wageni walikuja kutoka Kangeta na kitita cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba, kimenyooka kama kitabu kipya. Kwetu posa haikubaliwi kwa maneno matupu. Kitita hufunguliwa, kila mwanamume wa ukoo hupewa kijiti, na anayekitafuna huwa shahidi. Anayekikataa hudhaniwa amemkataa mkwe.

Kijiti chako kilipokufikia, uliinama sikioni pangu.

"Baba, daktari alinikataza hii. Presha yangu iko juu."

"Daktari hakualikwa hapa," nikakujibu. "Tafuna. Usiniaibishe mbele ya wageni."

Ulikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, baba wa watoto watatu, na bado ulinitii kama nilivyokufunza kunitii. Ulilibambua ganda kwa meno ukaanza kutafuna. Baariu akapiga makofi.

"Kumbe dereva bado ni wa kwetu! Mimi nilidhani siku hizi anatafuna dizeli!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Wazee wakazidi kukupa, na kila kijiti ulichopokea kilinipandisha kidogo machoni pa wageni. Nililijua neno hilo "presha" ulilolitaja. Mwajiri wako alikuwa amewapima madereva wote, nawe ukaambiwa umeze vidonge kila siku, upunguze chumvi, na uiache kabisa miraa ambayo madereva wenzako huitumia kufukuza usingizi. Uliiacha. Lakini mimi niliyahesabu hayo kuwa madeko. Niliamini kwamba presha ni ugonjwa wa mabwana wakubwa wanaokula nyama kila jioni, si wa mtoto wa mwalimu aliyelelewa kwa githeri ya mahindi na maharagwe.

Kesho yake uliondoka bila kulala. Ulipakia ndizi Nkubu ukaelekea Embu. Kabla ya saa nne asubuhi simu yangu ililia.

"Baba, nimesimama. Niko juu ya mteremko wa Nithi. Siwezi kuteremka."

"Lori limeharibika?"

"Lori ni zima. Ni mimi."

Nilipanda matatu, na nilipokufikia nilikukuta umeketi kwenye kiti cha plastiki katika kibanda cha fundi wa viatu, mgongo umenyooka, nyayo zote mbili chini, mkono umelala juu ya meza yake katikati ya soli na gundi. Mashine yako ndogo ya kupimia presha ilikuwa imekukaba mkono. Magurudumu ya lori ulikuwa umeyawekea mawe makubwa. Tajiri, mwenye lori, alikuwa akipiga kelele kwenye simu hata mimi nikamsikia.

"Mwiti, ndizi zitaivia barabarani!"

"Ziivie, tajiri. Nikiteremka hapa macho yakiwa na giza hivi, zitaivia mtoni, na watu pamoja nazo."

"Nitamtafuta dereva mwingine!"

"Mtafute. Funguo atazikuta kwa fundi wa viatu."

Hukupaza sauti. Ulikata simu, ukangoja kimya hadi mashine ilipomaliza kazi yake, ukaandika hesabu ile katika daftari: mia moja themanini na tisa juu ya mia moja na kumi na tano.

Nilitoka nje ya kibanda nikasimama penye ukingo wa barabara. Nimelivuka daraja la Nithi, lililoua wasafiri wengi, mara nyingi maishani mwangu, nikiwa abiria, nikisoma gazeti. Siku ile nililiona kwa mara ya kwanza. Niliiona barabara ikijitupa bondeni na kupinda, nikawaona kina mama waliobeba majani ya ng'ombe wakipanda pembeni mwake, na wanafunzi wa shule ya msingi wakirudi nyumbani kula. Nyuma yangu lilisimama lori lako na uzito wake wote, limetulia kama ng'ombe aliyefungwa. Mwiti, nimefundisha kwa miaka thelathini na minne. Nimewatuza wanafunzi kwa kukimbia, kwa kuimba, kwa kushinda. Sikuwahi kumtuza mtu kwa kusimama. Nikageuka nikalishika tairi.

Niliporudi ndani nilikuuliza kama ni kwa sababu ya vile vijiti.

"Ni vijiti," ulisema, "na ni kukosa usingizi, na ni dawa ambayo sikumeza kwa sababu niliisahau nyumbani. Lakini mdomo uliotafuna ni wangu, baba."

Hivyo ndivyo ulivyonisamehe, bila kulitumia neno lenyewe. Kisha ukasema, "Hebu lete mkono wako."

Nilikataa. Nikakuambia kwamba tangu nizaliwe sijalala hospitali. Fundi wa viatu, aliyekuwa na misumari mdomoni muda wote huo, akaitema mkononi.

"Mwalimu, mpe kijana mkono. Hata kiatu hakisemi kinapoanza kuachia soli."

Ulinipima. Ukaitazama hesabu. Ukaniketisha vizuri, ukanikataza kukunja miguu, ukanikataza hata kuzungumza, mimi niliyekuwa nikikukataza kuzungumza mezani. Tukangoja. Ukapima tena. Yangu ilikuwa inakaribiana na yako.

Tulikwenda kwenye zahanati pamoja, baba na mwana, tukaketi kwenye benchi moja. Muuguzi alituuliza nani amemleta mwenzake. Sote wawili tulimnyooshea mkono.

Ulipumzika hadi daktari aliporidhika. Tajiri hakupata dereva mwingine wa kuteremka Nithi siku ile. Ndizi ziliivia barabarani kweli, na ukarudishwa kazini ukinung'unikiwa. Wakati huo ndipo nilipokuomba unichukue kwenye safari yako ya kupeleka saruji Kiambere. Nilikuambia nataka kuliona bwawa la huko, la mto Tana. Nilikudanganya. Nilitaka kukuona wewe.

Na nilikuona. Asubuhi tuliyoondoka Embu ulilizunguka lori ukigonga kila gurudumu kwa chuma na kusikiliza mlio wake, ukainama pale mlio mmoja ulipokuwa tofauti, ingawa kwangu yote yalilia sawa. Ulipomaliza ulipanda, ukazima redio, ukaketi wima dakika tano bila kufanya lolote. Ukapima, ukaandika, ukameza kidonge kwa maji ya kwenye chupa. Kisha ndipo ukawasha injini. Dereva wa lori la jirani alikuchungulia dirishani.

"Wee Mwiti, umefunga nini huko mkononi? Siku hizi wewe ni daktari?"

"Kuja nikupime."

"Apana! Ukinipima utanipata na ugonjwa!"

"Ugonjwa unao tayari. Mimi nitakupatia habari tu."

Alicheka, akaondoka, halafu akarudi akikunja mkono wa shati.

Njiani ulisimama mara kwa mara kwenda kichakani, kwa kuwa kidonge kile hutoa maji mwilini. Ulinieleza kwamba wenzako wengi huacha kukimeza kwa sababu hiyo tu, ili wasipoteze muda. Wewe uliupoteza bila haya. Saa sita ulifungua mkebe ukanigawia nduma za kuchemsha na maharagwe yasiyo na chumvi. Tulikula tukiyatazama maji ya Tana, mapana, yamezuiwa na ukuta, yakitolewa kidogo kidogo kwa kipimo. Bwawa lilikuwa la ajabu, nakiri. Lakini macho yangu yalikuwa yakirudi kwenye mkono wako, ule niliouongoza ulipokuwa ukijifunza kuandika herufi, ambao sasa ulikuwa umebeba uhai wa watu wote wa barabara ile, na wao hawajui.

Sasa imefika zamu ya Kananu, binti yako wa kwanza. Wakwe watakuja utakapopata likizo, na kitita watakileta. Baariu alikuja hapa juzi kupanga viti. Nilimwambia kwamba safari hii atakayepokea kijiti na kukishika mbele ya wageni atakuwa ametoa ushahidi wake, na hatalazimika kutafuna. Akaruka.

"Mwalimu, wewe ndiwe wa kuvunja mila?"

"Kitita kitapokewa kama kawaida, Baariu. Ninachokiondoa ni ukali wangu."

Amekasirika, lakini atakuja. Nilimshika mkono nikampima kwa mashine uliyoninunulia kabla hajaondoka; hesabu yake iko juu, na ameahidi kwenda zahanati.

Kwa hiyo njoo nyumbani bila hofu. Siku hiyo nitaketi kulia kwako. Kijiti kitaanza kwangu: nitakipokea, nitakiinua wageni wakione, nitakiweka mezani. Kama kuna atakayeguna, agune nikiwa nimesimama mimi. Wewe utafuata baada yangu.

Mama yako anakusalimu na anauliza kama sweta unalivaa. Endesha polepole, na panapokupasa kusimama, simama.

Ni mimi baba yako. Leo asubuhi, nimeketi wima, nyayo zote mbili chini: mia moja thelathini na nane juu ya themanini na sita.