Mafuta ya Kubeba Dawa ya Mama Yako

Mujukulu wangu wa Bulaya,

Leo sikuiti bwana yangu, mume wa masihara, kama vile kambo, nyanya, anamwita mujukulu wake mwanaume. Bwana hafanyi mambo kama haya.

Unakumbuka mwaka mama yako alianza kugonjwa kichwa, akili ikavurugika? Ulikuwa mudogo, miguu yako haikufika chini ku kiti. Alikuwa anatema vidonge, kwa sababu vilikuwa vichungu. Miye nikavingirisha kidonge mu tonge ya bukari, ugali wetu, nikachovya mu mawese, kikateleza. Ukaniuliza: "Kambo, mawese njo inapeleka dawa mu kichwa?" Nikakujibu: "Kula, acha maulizo."

Sasa umekuwa docteur. Unatengeneza matone ya mafuta, madogo hata jicho haliyaoni, ya kubeba dawa mpaka mu bongo. Muzuri. Nilijisifu hapa mutaa wetu wa Bel-Air mpaka majirani bakachoka. Lakini mafuta, nani alikufundisha? Miye, na darasa langu la pili.

Halafu ukapiga telefone, ukamwambia mama yako: "Maman, vidonge vya zamani vinatawanyika mwili muzima, kidogo tu njo kinafika mu bongo. Yetu itafika muzuri."

Mupumbavu weye! Mugonjwa haambiwi vile. Kesho yake alimwaga vidonge vyote mu choo. "Mutoto wangu alisema havifiki. Nitangoja yake."

Anangoja, sasa ni juma ya tatu. Halali. Jana alitoka bila viatu, akaenda kutukana bamama ba samaki ku soko, bale bale banamupendaka. Nilimurudisha kwa mukono, na magoti yangu haya.

Nikakuuliza dawa yako itafika lini. "Kambo, bado tunajaribu kwa panya." Panya! Panya ya Bulaya inatibiwa, mama yako anangoja nyuma yake kama ku mustari wa maji! "Nilikuwa naelezea kazi yangu tu." Elezea bazungu.

Miye, mama yako hanisikilizi tena. Anasema sikusoma. Ni kweli. Nilisoma yeye, tangu siku nilimuzaa.

Munganga wa hospitali amenipa vidonge vingine. Siku ya Mungu, baada ya misa, utapiga telefone ya video, uonyeshe sura. Usitaje laboratoire, usitaje panya. Sema: "Mama, nilikosa. Dawa yako inafika. Meza." Ubaki palepale mpaka ameze. Miye nitakuwa na bukari na mawese mu mukono.

Akimeza, nitakuita tena bwana yangu. Asipomeza, usinitumie tena picha ya koti jeupe.

Miye kambo yako,
mama ya mama yako