Fimbo Isiyo na Sauti

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku chuoni. Natumaini zitakukuta mzima, umejinyoosha kwenye lile kochi la sebuleni, miguu ikining'inia nje kama kawaida yako, na wifi anakugombeza uinuke. Mama anaendeleaje na goti lake? Mwambie dawa ya kuchua ni ya kuchua, si ya kupamba kabati. Watoto nao wameshakua kiasi gani? Mimi ni mzima kabisa, ila mabega yananiuma, na sababu yake utaicheka.

Nilipoondoka tulikubaliana kwamba nije huku nijifunze kusoma na kuandika nota, kisha nirudi niifundishe bendi yetu ya harusi, maana tangu enzi za Baba tunapiga kwa kusikia tu. Kozi yenyewe ni ya walimu wa bendi za shule, lakini ulisema nota ni nota. Sasa barua yako inauliza nitafika lini, kwa kuwa msimu wa harusi umekaribia na kiti changu cha tarumbeta kando yako bado kiko wazi. Nitakujibu, ila niache kwanza nikusimulie.

Kumbe mwalimu wa bendi hujifunza kila chombo. Nimepuliza klarineti ikalia kama mlango usiotiwa mafuta. Nimebeba tuba, lile baragumu kubwa la shaba, au tuseme tuba imenibeba mimi. Yote hayo ni ili mtoto akikosea nijue amekosea wapi, midomoni, vidoleni, au ni uvivu tu. Kisha kuna kioo. Kimejaa ukuta mzima wa chumba cha mazoezi, nasi husimama mbele yake asubuhi nzima na fimbo mkononi, tukiongoza bendi ambayo haipo. Siku ya kwanza nilijiona nilivyokuwa nikipunga mikono, nikacheka hadi mkufunzi wetu, mama mmoja mfupi asiye na utani, akaniuliza kama nimemaliza.

Huyo mama ndiye aliyegundua ugonjwa wangu. Alisema fimbo yangu inatetemeka. Akanishika mkono, akautazama, akaniambia kuwa vidole vyangu vitatu vinabonyeza tarumbeta juu ya fimbo. Na kweli, kaka! Kila tarumbeta zilipotakiwa kuingia, nami niliingia nazo, mashavu nimeyajaza, wapiga klarineti nimewasahau kabisa. Alisema nimesimama mbele ya bendi lakini moyo wangu bado umekaa kitini. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikarudi bwenini na mawazo yangu yote yakaja kwako. Unakumbuka tulivyokuwa na tarumbeta moja tukiigombania nyuma ya nyumba, pale kwenye sakafu ya kufulia? Yule jirani muuguzi aliyekuwa akilala mchana alikuja kutusihi, si tuache kupiga, bali angalau tujifunze wimbo wa pili. Baba alikuwa akisikiliza dirishani, na tukikosea aligonga kioo kwa kijiko. Halafu ukapata tarumbeta mpya, ukanipa mimi, wewe ukabaki na ile iliyobonyea. Harusini tulipokaa bega kwa bega ulikuwa ukinikanyaga kidole cha mguu nijue zamu yetu imefika. Watu wengine wameongozwa kwa fimbo, mimi nimeongozwa kwa kiatu chako. Nimeyakumbuka hayo mpaka machozi yakanitoka, na sioni haya kukuambia.

Muhula huu nikapelekwa shule moja kwa mazoezi ya kufundisha. Bendi yao hufanyia mazoezi katika stoo ya michezo, katikati ya mipira na magoli ya kukunja, na tuba yao imefungwa kwa gundi na maombi. Wiki za mwanzo walinitoa jasho. Kila mmoja alianza alipotaka, na mpiga ngoma alimaliza peke yake akiwa amefurahi sana. Lakini asubuhi moja nilinyanyua mikono, na kabla sijaishusha nikawasikia wote wakivuta pumzi kwa pamoja. Wote, kaka, wakinitazama mimi. Wakapiga, nikasikia bendi nzima, kitu ambacho pale kitini sikuwahi kukisikia kwa sababu nilikuwa nikijisikia mwenyewe tu. Tulipomaliza nikatazama mkono wangu. Vidole vilikuwa vimetulia.

Sasa nipasue jipu. Mwalimu mkuu wa shule hiyo ameniomba nibaki nao, nami nimekubali. Sirudi kwenye bendi. Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara kadhaa, lakini ndiyo hiyo. Najua ni bendi ya Baba, na najua umenisubiri huku ukiwakatalia wengine. Likizo nitakuja kuwafundisha nota kama tulivyoahidiana, hilo silivunji. Ninachokivunja ni kukaa kando yako, na kinaniuma kuliko mabega. Kiti mpe mtu mwingine, ila tafadhali asiwe yule binamu yetu anayepiga huku akikonyeza wageni. Ukinikasirikia una haki. Nuna unavyonuna siku zote, ing'arishe tarumbeta bila kusema na mtu, kisha uniandikie.

Nina ombi moja. Mwisho wa muhula tuna onyesho, na mwongozaji huwapa watu mgongo. Ukikaa na wazazi sitakuona. Kwa hiyo njoo na tarumbeta yako, ukae na wanafunzi wangu, safu ya nyuma. Miaka yote ile tumepiga bega kwa bega, macho mbele, na sijawahi hata mara moja kuuona uso wako ukipiga.

Nisalimie wifi na watoto. Mama nitamwandikia mwenyewe, usimwambie kabla yangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba