Sauti Niliyoifunika kwa Madoido

Jumamosi, Novemba. Rasharasha tangu asubuhi, ziwa limekaa kijivu, na mimi naogopa.

Nianze hivyo hivyo, bila kuremba. Nakosea herufi kila mstari. Majina nimebadilisha, na maandishi haya sitayaweka hewani mpaka siku ambayo hayawezi kumdhuru mtu.

Jirani yangu wa chumba cha pili nimwite Mama Alina. Ni Mrundi. Alivuka kuja Kagunga, upande wetu wa mpaka, na mwanawe mgongoni, mwaka ule watu walipojaa ufukweni mpaka pa kulaza mtoto pakakosekana. Waliomchukua mume wake walikuwa wanamtafuta na yeye. Mtumbwi uliotangulia wa watu wa kwao ulipinduka ziwani, na kule nyumbani habari zikaenda kwamba alikuwamo. Hakuzikanusha. Usalama wake wote umekaa hapo: wanaamini alikufa maji.

Na anaimba, jamani!

Mimi ni mtu wa maabara ya maji, nimeletwa Kigoma kikazi kutoka Singida, na jioni napiga kinanda kanisani. Kinanda chenyewe ni kidogo, nakichomeka kwenye laptop na sauti zote zinatoka kwenye programu. Siku moja nilimsikia akifua huku anaimba akazehe, salamu ya wanawake wa kwao. Mmoja anasalimia kwa kuimba, maneno mbio mbio, na mwenzake anadakia kila nafasi inapopatikana. Nikamng'ang'ania anirekodie, niiweke mwanzoni mwa wimbo wa kwaya.

Alikubali kwa sharti moja: asipatikane mtu wa kuitambua sauti yake.

Hilo nililiona dogo. Ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, kugeuza sauti iwe kitu kingine. Niliishusha kidogo, nikaifunika kwa korasi ili mtu mmoja asikike kama watu kumi, nikaongeza mwangwi. Kile kigurudumu cha pembeni ya kinanda nikakipa kazi ya kuiyumbisha: ukikisukuma juu, sauti inatetemeka na kuwa nzito, utadhani inatoka ndani ya mtungi. Nilikisukuma mpaka mwisho. Mama Alina aliposikiliza alicheka sana.

"Uyu si mimi, dada. Uyu ni mzimu."

Kama mwenyewe hakujitambua, ningehofia nini? Nikampa mwalimu wa kwaya wimbo, na haukukaa kanisani tu. Vijana walirushiana kwenye simu kama wanavyorushiana kila kitu, nami nikavimba kichwa.

Leo nilishuka Kibirizi, zinakotia nanga boti za ziwani, kununua samaki, migebuka. Boti ya kwenda kijiji cha Mwamgongo ilikuwa inapakia, na kwenye spika yake ukaanza wimbo wetu. Nilitabasamu peke yangu kama chizi. Kila doido nililisikia mahali pake.

Kisha mama mmoja, amekaa juu ya gunia la unga wa muhogo ndani ya boti, akaanza kuitikia.

Hakuwa anaufuata wimbo. Alikuwa anadakia mle mle kwenye nafasi, kabla hata sauti haijavuta pumzi, kama anayejua mwenzake atapumua wapi. Akamgeukia mwenziwe: "Uyu namjua. Ni salamu yake iyi. Mbona tuliambiwa alikufa maji?"

Samaki waliniponyoka mkononi. Nilitaka kumuuliza yeye ni nani, nikaona kuuliza tu ni kumthibitishia. Boti ikaondoka naye.

Nilirudi nyumbani nikafungua laptop kabla ya kubisha hodi kwa jirani. Woga huo. Nikaongeza kila kitu: mwangwi mpaka maneno yakaanza kuchanganyika, mtetemo, na kichujio cha kukata ukali wote wa sauti. Salamu ilibaki mle. Pale anapoyakimbiza maneno, pale anapochelewa kidogo, pale anapokata pumzi katikati ya neno. Ni kama nilimvisha mtu nguo za mwingine nikamwacha atembee kwa mwendo wake. Mimi sikuliona kwa sababu salamu hiyo si ya kwetu. Naye, nani hujisikia anavyopumua?

Nimemwambia. Alikuwa anamsuka Alina, na hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Uyo mama aliitikiaje?"

Nikaigiza nilivyoweza. Akataka nirudie. Mikono yake ilikuwa imesimama kwenye nywele za mtoto.

"Ni wa kilima chetu, kijijini kwetu," akasema. "Lakini dada, anayenipenda na atakayeniuza, wote wanaitikia ivyo ivyo."

Nililia, nikaomba radhi. Akanishika bega, na hilo limeniuma kuliko kama angenitukana. Wimbo hauwezi kurudishwa, uko kwenye simu za watu wote. Kwa hiyo kesho asubuhi anaondoka na mtoto. Amekataa kunitajia wanakokwenda, na sikumlazimisha, kwa sababu nisilolijua siwezi kulisema.

Anajua yule mama ataulizia wimbo ni wa nani, na mwalimu wa kwaya atamleta mlangoni kwangu. Amenipa jibu kabisa.

"Mwambie ni rekodi ya zamani, ulipewa na mtu. Mwambie ni kweli, nilikufa."

Nimekubali. Ningekataaje?

Sasa namsikia ng'ambo ya ukuta akifunga vitu, na Alina anauliza kama sufuria nayo inakwenda. Naogopa watu wabaya, sikatai. Lakini kuna kitu naogopa zaidi. Vipi kama yule mama ni mama yake mdogo, au dada yake, na leo pale kwenye gunia amepata matumaini ambayo hakuwa nayo jana? Atakuja mbio. Atasimama hapa mlangoni akinitazama mdomoni. Nitaweza kumzikia mtu wake mara ya pili?